Makofi kwenye Maji ya Moto

Gisenyi, 3 Machi 2024

Dada Laurence,

Shikamoo. Umeniuliza kama bado niko hai au nimeshakuwa jenerali. Niko hai, ujenerali ndio umenikataa. Barua hii anakuletea Bahizi, dereva wa basi la Rusumo, pale mpakani, yuleyule uliyempa kahawa aniletee mwaka jana akafika na nusu. Najua simu unayo, lakini tangu ustaafu ualimu mkuu unaizima ukiwa shambani, ukiwa kanisani na ukiwa umelala, yaani siku nzima. Basi tunaandikiana kama watu wa zamani, na mimi sichukii.

Unataka kujua kazi yangu ni nini hasa, maana huko Kayanga kuna mtu amekuambia daktari wa jeshi kazi yake ni kuwakamata askari wanaotega gwaride kwa kuumwa tumbo. Hilo nalo nafanya. Lakini kazi yenyewe ni hii. Askari akivuja damu nyingi, mwili wake hupigana kwanza. Mishipa inabana, moyo unakimbia, na wewe ukimtazama usoni unadhani ana nafuu, hata utani anakutania. Kisha presha inaporomoka ghafla na hakuna tena cha kushika. Nimewapoteza vijana namna hiyo nilipokuwa kwenye ulinzi wa amani, mmoja akiwa ananieleza habari za mchumba wake. Nataka kujua mwili unatoa ishara gani kabla ya kufika ukingoni. Tatizo ni kwamba siwezi kumtoa mtu damu ili nione anavyoanguka. Hata jeshini kuna sheria.

Wazo nililipata nikiwa nimelala chali, na wewe unanijua, mawazo yangu yote huja hivyo. Nilikuwa nimekwenda Nyamyumba kuloweka mgongo kwenye chemchemi za maji ya moto kando ya ziwa. Hapa wanaziita amashyuza. Niliposimama, dunia ikazima. Wavuvi wawili wakanidaka makwapani, mmoja akamwambia mwenzake, “Huyu muzee iko muzito kuliko mtumbwi.” Aibu gani. Lakini nikiwa pale juu ya jiwe, nimefunikwa kitenge cha mke wa mtu, nikaelewa: maji ya moto yamefungua mishipa ya ngozi, damu imeshukia miguuni, presha imeanguka. Ni mporomoko mdogo, wa kistaarabu, na mtu anaamka akicheka.

Nikaomba ruhusa, nikapewa. Sasa kila Jumamosi ninaweka meza yangu chini ya turubai, na mashine ya presha. Askari wangu ninawaamuru waingie, watoke, kisha wakae pale wanune hadi presha irudi. Wenyeji wanajitolea wenyewe, tena kwa foleni. Ninawapima kabla, ninawapima wakitoka, ninawasomea namba zao. Hao hawangoji. Wakisikia namba imeshuka wanavaa na kwenda zao.

Yuko mama mmoja, Nyiransabimana, anauza sambaza, vidagaa vya ziwa hili, soko la Mahoko. Huyo haingii majini mpaka amesalimia kila kichwa. Presha yake ilikuwa juu hadi nikaipiga mashine kofi nikidhani imeharibika. Alipotoka ilikuwa imeshuka kwa mstari mzuri kuliko ya mtu yeyote niliyempima mwaka huu. Nilipiga makofi, Dada, kama mtoto. “Mama, umenifurahisha sana,” nikamwambia kwa neno lao la presha, “tansio yako imeteremka kama ya msichana.” Akasema, “Docteur, mu ile madaktari yote, we ndio wa kwanza kunipa habari muzuri.” Jumamosi iliyofuata akaja na wenzake wa sokoni.

Wewe na hiyo presha yako ya mwalimu mkuu, ungekuja hapa ungezisahau zile dawa zinazokuamsha kukojoa usiku kucha.

Mwishoni mwa Juni nitaisoma kazi hii Kigali mbele ya madaktari wenye suti, na wanasema nikifanya vizuri cheo kitapanda. Niombee. Liombee na tumbo, maana sare haifungi.

Mdogo wako mtiifu,
Meja Dk. Onésphore Ndahiro,
Bingwa wa Watu Wanaozimia Baada ya Kuoga


Kayanga, 20 Machi 2024

Mdogo wangu Meja,

Marahaba. Bahizi safari hii amefika na barua nzima, labda kwa kuwa hainyweki.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nimeisoma kwa sauti, mbele ya akina mama wa kwaya tulipokuwa tunamngoja mwalimu. Pale pa kitenge cha mke wa mtu walicheka hadi mlinzi wa kanisa akaja kuchungulia. Baadaye Mama Nziza akauliza, “Yaani ni maji tu?” Nikamwambia mdogo wangu si mganga wa mizizi, ni meja, anatumia mashine. Akawa anafikiri.

Unakumbuka kwamba sisi nasi tunayo maji ya moto, kule Mtagata. Tulipokuwa watoto huku, kabla hujavuka mpaka kwenda jeshini, mama alikuwa akitaka kutupeleka, baba anasema ni mambo ya wazee. Leo mtoto wake mwenyewe anayapima kwa mashine ya serikali. Tumekubaliana tutakwenda baada ya Pasaka, kwaya nzima, na sare zetu.

Mimi sijambo. Nimeanza kujitunza kwa namna yangu, nitakueleza nikiona matokeo, maana ukijua mapema utanicheka. Gwiza naye sijamwambia. Yule binti yangu tangu aende kufanya kazi Bukoba amekuwa polisi. Kila Jumapili ananihoji nimekula nini.

Swali moja, maana nimefundisha hesabu miaka mingi na siachi jibu nusu. Presha ya yule mama wa sambaza, alipofika nyumbani, ilibaki chini au ilirudi? Hukusema.

Dada yako,
Laurence


Nyamyumba, tarehe 9 mwezi wa tano 2024

Kwa Docteur Meja Ndahiro,

Minakusalimia sana mu jina la Yesu. Mi ni Phocas Bizumuremyi, wa ku mitumbwi ya sambaza, mutoto wa Nyiransabimana mwenye alikuwa anakuja kwako ku mashyuza kila samedi. Nilikuja ku lango ya camp, wakasema siwezi kuingia bila rendez-vous. Donc naacha hii barua kwa askari wa lango.

Mama alianguka juma iliyopita, pale pa soko ya Mahoko. Mukono ya kuume na muguu haifanye tena kazi, kinywa imepinda, maneno inatoka kidogo kidogo. Ku hospitali waliuliza kama anamezaka dawa ya tansio. Mi ndio nilijibu. Nilisema hapana, aliacha tangu mwezi wa pili, juu docteur wa jeshi alimupima na mashine na tansio ilikuwa imeisha. Ule muganga alishika kichwa yake. Mi niliona pengine ana wivu.

Bon. Wamemurudisha nyumbani. Sisi hatuna neno na wewe, tunakushukuru juu ulimupokea na heshima. Mama mwenyewe anasema kama ni wewe ulikuwa pale angepona mbio. Ninauliza tu kitu moja. Kumubeba mpaka ku mashyuza ni mbali, na mama ni muzito. Donc tunachota ile maji mu bidon, tunaitia mu beseni, tunaweka mukono yake ndani asubuhi na mangaribi. Tunaomba utuambie kama inatosha ao tuongeze, ili mukono irudi mbio. Musimu wa sambaza iko karibu, na anaanza kulia.

Mungu akubariki, docteur.

Phocas Bizumuremyi


Gisenyi, 15 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Aprili huku ni mwezi wa maombolezo ya mauaji ya kimbari, unajua, meza sikuiweka, na kalamu nayo ikalala. Sasa mvua zinakwisha, ziwa limetulia, na Goma kule ng'ambo inaonekana kama mtu ameisafisha kwa kitambaa. Unaona naanza na hali ya hewa. Mtu akianza na hali ya hewa ujue kuna jambo.

Kuna habari isiyopendeza kidogo. Yule mama wa sambaza amepata kiharusi. Inaonekana aliacha dawa za presha. Sijui ni nani aliyemwambia aache. Mimi nilimpima tu. Kabla ya kupima nilimsomea kwamba huu ni utafiti, si matibabu, na akakubali. Labda nilisoma haraka kidogo, foleni ilikuwa ndefu. Lakini hawa watu wa ziwani ndivyo walivyo, Dada: wewe unawapa namba, wao wanasikia muujiza. Ungekuwa unawafundisha ungechoka.

Mwanawe ameniandikia. Hanilaumu, na ndicho kinachonitesa. Ananiuliza wamloweke mkono mara ngapi kwa siku. Sijamjibu. Barua yake iko mfuko wa ndani wa koti, na kila nikitafuta kalamu ninaigusa.

Nimefikiria hivi. Nitaweka kibao pale chemchemi, kizuri, cha rangi: “Kupimwa presha si tiba. Endelea na dawa zako.” Bila jina langu, kwa sababu ukiweka jina, Kigali watauliza, na tumebakiza wiki chache tu. Kwa Phocas nitamtuma muuguzi wangu mmoja, mtu mpole, amweleze kwa utaratibu. Utasema ninajitetea mbele yako kama siku ile nilipovunja mtungi, bado kishikio kiko mkononi na mimi nasema ni paka.

Nilitaka kukuandikia kitu cha kuchekesha hapa mwishoni. Hakijaja.

Onésphore


Kayanga, 16 Mei 2024

Mdogo wangu,

Bahizi amepita mara mbili mikono mitupu, kwa hiyo sikungoji tena, naandika.

Nilikuuliza kama presha ya yule mama ilirudi, na hukunijibu. Nikasema moyoni, angekuwa amerudiwa na ugonjwa Onésphore angesema. Mtu mwenye habari njema ndiye anayesahau kuandika. Basi nami sasa nakutolea siri yangu.

Tangu juma lile nilipopata barua yako, dawa niliziweka juu ya kabati, nyuma ya picha ya baba. Kila jioni naloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto hadi magotini, yale ninayoweza kuyavumilia. Usiku nalala kama mtoto mchanga, siamki kukojoa hata mara moja. Ulisema kweli. Miaka yote hii nilikuwa mtumwa wa choo.

Na Mtagata tumekwenda. Tuliimba njia nzima. Mimi nilikaa majini hadi ngozi ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa, na niliposimama nikaona giza, nikakaa chini puu. Mama Nziza akapiga kelele. Nikamwambia, “Wee, tulia. Hiyo ndiyo presha inashuka. Mdogo wangu ameandika.” Yeye na Mama Kamikazi, mwenzetu wa kwaya, nao wameacha vidonge vyao.

Asubuhi kichwa kinaniuma kidogo, kwa nyuma. Nadhani mwili unazoea.

Ukisimama mbele ya wale wenye suti, uwataje: kwaya ya Kayanga. Tumekuongezea watu wa kupima bila kukuomba posho.

Dada yako mwenye usingizi mzuri,
Laurence


Gisenyi, 24 Mei 2024

Dada,

Barua yako imenifikia leo mchana. Nimepiga simu yako, imezimwa. Nimempigia Gwiza, ameshapanda gari kutoka Bukoba. Atafika kabla ya karatasi hii, lakini naiandika uisome kwa macho yako, kwa kuwa ni barua yangu iliyokupeleka huko.

Presha ya yule mama ilirudi. Ya kila mtu inarudi. Maji yanaishusha kwa saa moja, labda mbili, kisha inapanda palepale ilipokuwa. Yale maneno ya kuzisahau dawa yalikuwa utani. Nilikuwa natania, Dada.

Teremsha dawa. Nenda upimwe. Waambie na wale wawili.

Kuna barua yangu nyingine kwa Bahizi, ya tarehe kumi na tano. Kama haijakufikia, nakuomba usiifungue.

Onésphore


Kayanga, 5 Juni 2024

Onésphore,

Niko hai. Gwiza alinikuta nachambua maharage, hakusalimia, akaniburuta hospitali na kanga ya jikoni. Muuguzi alinipima, akamwita mwenzake. Mwenzake akapima, akamwita daktari. Wakanilaza. Daktari ni kijana niliyemfundisha darasa la tatu. Akaniuliza kwa heshima zote, “Mwalimu, nani alikuambia uache dawa?” Nikamwambia sikumbuki. Nimewachapa watoto wangapi kwa uongo mdogo kuliko huo, na nikamdanganya mwanafunzi wangu huku ananishika mkono, ili jina lako lisitajwe.

Barua uliyoniomba nisiifungue nimeifungua. Ulitegemea nini?

Unasema watu wa ziwani wakipewa namba wanasikia muujiza. Mimi si mtu wa ziwani. Nina cheti cha ualimu, nilivaa miwani, nilisoma mara mbili, tena sikusikia mdomoni mwako kwenye foleni. Nilikuwa na karatasi mkononi. Na nilielewa kama alivyoelewa mama wa sambaza, neno kwa neno. Hata nikauliza swali. Kwa hiyo usinitafutie tatizo huko ziwani.

Nami sijitoi. Mama Nziza na Mama Kamikazi hawakupata barua yako, walipata mdomo wangu. Jumapili niliomba nafasi baada ya matangazo. Nilidhani nitaanza na utani kidogo, sisi watoto wa mzee Mugabo ndivyo tunavyoingia kila mlango, lakini nilipowaona wamekaa wananitazama utani nikauacha. Nikasema, “Niliwaambia maji yanatosha. Hayatoshi. Nilikosea, na nimelazwa. Rudini kwenye dawa zenu.” Nikarudi kukaa. Mama Nziza alinishika bega. Mama Kamikazi hanisalimii mpaka leo, na tunaimba sauti moja, ananigeuzia kisogo hadi noti ya mwisho. Ana haki. Mumewe alikuwa amemkataza asiache vidonge, na yeye alimjibu kwamba mwalimu mkuu hawezi kukosea.

Sasa, hicho kibao chako. Kibao kitasimama pale mvua na jua bila kuona haya, na wewe utakuwa nyumbani. Na muuguzi wako mpole, huyo utamtuma akaseme nini? Yeye hakupiga makofi. Makofi ulipiga wewe.

Yule kijana anaendelea kuchota maji kila siku kwa sababu hujamjibu. Sijui wewe unaita hiyo nini kwa lugha ya udaktari.

Nenda. Ukishakwenda ndipo uniandikie, na usinichekeshe.

Laurence


Gisenyi, 17 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Nimekwenda. Umesema nisikuchekeshe, nitajaribu, ingawa kuna mahali nilichekwa na siwezi kuruka hapo.

Kwanza nilimwona mkuu wangu, nikamweleza yote kabla hajayasikia kwa mwingine. Kigali nimewaandikia kwamba mwezi huu sitasoma kitu. Mkuu hajatoa uamuzi bado. Aliniambia tu nifunge mlango nikitoka.

Juzi Jumamosi nilifika chemchemi bila meza. Nilisimama ukingoni na sare yangu nikasema nina neno. Wote wakaitikia ndiyo, “Yego, afande,” wakaendelea kusuguana migongo. Miezi yote nimekaa pale na sikuwa nimeona: aliyevaa nguo hajibiwi, anapewa heshima tu apite. Wanaozungumza ni walio majini. Basi nikavua. Niliingia na kaptula na hili tumbo unalolijua, nikasalimia kila kichwa, mmoja mmoja, na hapo ndipo walipocheka. Rugwiro, nahodha wa mitumbwi, akasema, “Docteur, ukiingia sisi tutatoka, maji haitatosha.” Kisha akauliza, “Leo nani atakupima?”

“Leo sipimi.”

“Donc mashine imekufa?”

“Mashine ni nzima,” nikasema. “Mimi ndiye niliyekosea. Zile namba nilizowasomea ni za muda mfupi. Hujafika mbali, tansio imesharudi. Maji haya hayaponyi tansio. Mwenye dawa ameze, na aliyeacha aende kituo cha afya Jumatatu, asingoje.”

Kicheko kilikatika. Mama mmoja, Uwineza, anauza meza moja na Nyiransabimana, akauliza, “Na Nyiransabimana?”

“Aliacha kwa sababu yangu.”

“Na mi niliacha,” akasema. “Mi pia ulinipigia makofi. Nilifikiri unatufurahia.”

Dada, ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa jibu rahisi, na wote walikuwa wanataka niseme hivyo. Nikamwambia, “Nilikuwa nafurahia namba, mama.” Akajimwagia maji usoni, akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Rugwiro alibaki mwisho, akaniambia, “Afande, toka polepole, usianguke tena.” Hakuwa anatania.

Kutoka pale nikapanda kwa Phocas. Nyumba yao iko mteremkoni, ziwa lote linaonekana mlangoni. Alifurahi kuniona, na furaha yake ilinimaliza kabla sijakaa. Alinipangusia kiti. Mama yake alikuwa chini kwenye mkeka, mkono wa kuume umelala ndani ya beseni, mvuke unapanda. Aliponiona alitaka kutabasamu, upande mmoja ukakubali. Akaninyooshea mkono wa kushoto. Akasema kitu ambacho sikukishika, Phocas akanielezea: “Anasema umusamehe, anakusalimia na ya kushoto.”

Nikapiga magoti ili nisiwe juu yake. Nikawaambia. Nilisema kama ulivyosema wewe kanisani, maneno machache, kwa sababu nilipotaka kuongeza niliona ninaongeza kwa ajili yangu mwenyewe. Nikawaambia maji hayataurudisha mkono. Dawa ameze ili asianguke tena, mkono unahitaji mazoezi, na mtaalamu wa mazoezi atakuja, nami nitakuja naye.

Phocas alikuwa anatazama beseni. “Ile siku ulipiga makofi,” akaniuliza, “ulikuwa unajua tansio itarudi?”

“Nilijua.”

“Saa ileile?”

“Saa ileile. Askari wangu niliwangojesha ili niione ikirudi.”

“Na hukumwambia juu ya nini?”

Nilikuwa na jibu tayari, nimelibeba tangu Mei: kwamba hakuna aliyeniuliza. Likafika mdomoni, nikakumbuka wewe uliniuliza kwa mwandiko wako mzuri, na sikukujibu. Nikamwambia, “Sina sababu.”

Aliutoa mkono wa mama yake majini. Akaufuta kwa kitenge polepole, kidole kwa kidole, kama ninavyowaona wakifuta nyavu. Akachukua beseni, akaenda kumwaga maji nyuma ya nyumba, na hakurudi. Mimi na mama tukabaki. Hakulia, na hakunitazama tena kama daktari. Alinitazama kama mtu wa sokoni anavyomtazama mteja aliyeshika samaki kwa muda mrefu bila kununua. Niliposimama kuaga, aliita, “Phocas,” akaelekeza mlango kwa mkono wake mzima, mara mbili. Najua alichokuwa anataka. Huku mgeni hatoki peke yake. Mwenye nyumba humsindikiza mpaka njiani, hata kama amekuja kudai.

Phocas alikuwa kwenye kona ya nyumba, na beseni tupu mkononi. Alimsikia mama yake. Akanitazama, hakusogea.

Nilipanda peke yangu hadi barabarani.

Mdogo wako,
Onésphore